Mbona wimbo huu kwa tango? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu muziki wa mashindano ya dansi kwenye runinga

Kila msimu wa Strictly Come Dancing ukianza, na wenzao wa Marekani wa Dancing with the Stars wakifuata, maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa ili nisiyajibu upya kila Jumamosi usiku huku chai ikipoa.

Haya mashindano ni yapi, kwa wasioyajua?

Mtu maarufu kwa jambo lingine, awe mwigizaji, mwanariadha au mwanasiasa, hupangiwa mchezaji mtaalamu wa dansi za ukumbini. Kwa kawaida hujifunza dansi moja kwa wiki, wakaicheza mbele ya majaji, na watazamaji wakapiga kura. Strictly ilianza BBC mwaka 2004, na ABC ya Marekani ikaanza toleo lake mwaka 2005. Jina la Strictly limeshonwa kutokana na vitambaa viwili: Come Dancing, kipindi cha BBC kilichodumu karibu nusu karne, na Strictly Ballroom, filamu ya Australia ya 1992.

Nani huchagua wimbo?

Watayarishaji ndio wenye neno la mwisho. Mchezaji mtaalamu hupendekeza, maana ndiye atakayetunga hatua, na yule mtu maarufu anaweza kuomba wimbo wenye maana kwake. Ndiyo sababu utaona mtu akicheza walsi kwa wimbo aliokuwa akiupenda marehemu mama yake, na nusu ya ukumbi wanafuta machozi. Lakini watayarishaji wanaangalia usiku mzima. Hawataki nyimbo nne za pole pole zifuatane, wala bibi akose wimbo anaoujua, wala mjukuu.

Wimbo ukishakubaliwa hukatwa hadi kama dakika moja na nusu. Hapo ndipo kazi ngumu inapofanyika na hakuna anayeiona: beti inaondolewa, kiitikio kinasogezwa mbele, na mwisho wenye kishindo unatungwa ili wawili wale wapate mahali pa kusimama na kupiga pozi.

Na wacheza dansi wa mashindano halisi hucheza nyimbo hizi hizi?

Hapana, na tofauti hii ikieleweka, malalamiko mengi huisha.

Kwenye mashindano halisi, jozi kadhaa huingia uwanjani kwa pamoja na hakuna anayejua wimbo gani utapigwa. Wanachojua ni aina ya dansi na kasi yake. Hatua zao zimetungwa kukaa juu ya mapigo, kwa hiyo wimbo wowote wa kasi ile utawabeba. Mtindo huu una baba yake: Victor Silvester, Mwingereza aliyeshinda ubingwa wa dunia wa dansi za ukumbini mwaka 1922, akachoshwa na rekodi ambazo kasi yake ilikuwa inapanda na kushuka, akaunda okestra yake mwaka 1935. Santuri zake zilishika kasi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila mwimbaji wa kumvuruga mchezaji. Walimu wa dansi walizipenda. Anayezisikiliza akiwa amekaa kitini anaweza kusinzia.

Runinga imegeuza mambo. Jozi moja, wimbo mmoja unaojulikana wiki nzima, hatua zimeshonwa juu ya wimbo ule kama kanzu ya kupimiwa. Neno fulani likiimbwa, mkono unanyooka. Ngoma ikilia, kichwa kinageuka. Mtazamaji wa nyumbani hajui foksitroti inahesabiwaje, ila maneno ya wimbo anayajua, na watayarishaji wanacheza na huyo. Kwa hiyo kila wimbo wa Strictly unatumikia mabwana wawili: miguu ya wachezaji na kumbukumbu ya aliyeko kwenye kochi. Mabwana hao wakigombana, mara nyingi mwenye kochi hushinda. Ukinuna mbele ya runinga ukisema “hii si tango”, fahamu kwamba umeshuhudia ugomvi huo.

Nitajuaje wimbo unafaa dansi gani?

Hesabu kwanza, jina la wimbo baadaye. Piga vidole mezani utafute pigo zito. Likirudi kila baada ya mapigo matatu, uko kwenye walsi. Likirudi kila baada ya manne, mlango umefunguka kwa dansi nyingi, na kasi ndiyo itakayozitenganisha.

Vipimo vinavyotumika kwenye mashindano ya kimataifa ni hivi, kwa mapigo ya dakika moja. Walsi ya pole pole huwa kati ya 84 na 90. Walsi ya Vienna hukimbia hadi 174–180, kwa hesabu ile ile ya tatu tatu, na ndiyo maana wachezaji huimaliza wakihema. Foksitroti ni 112–120, tango 124–132, na kwikistepu ni mbio kabisa, 200–208. Upande wa dansi za Kilatini, rumba ni 100–108, samba 100–104, chacha 120–128, pasodoble 120–124, na jaivu 168–176.

Tazama namba hizo tena. Rumba na samba zinakaribiana kwa kasi, lakini hakuna mtu mwenye macho atakayezichanganya. Samba ina mapigo mawili mawili, na kati yake kuna kapigo kadogo ka kuiba kanakomfanya mchezaji adunde. Rumba ina manne, na kwenye pigo la kwanza mguu hauendi popote: nyonga ndiyo inayotulia mahali pake, kisha hatua zinakuja la pili, la tatu na la nne. Kwa hiyo kasi inakuambia nyumba, ila mpangilio wa mapigo ndio unaokuambia chumba.

Runinga haibanwi na vipimo hivi kama mashindano yanavyobanwa. Mwanafunzi wa wiki tatu akipewa kwikistepu ya 208 ataanguka, na bendi inaweza kumpunguzia.

Wimbo wa kisasa wa mapenzi unawezaje kuwa walsi ya Vienna?

Nyimbo nyingi za taratibu zina mapigo makubwa manne, na kila pigo limegawanywa vipande vitatu. Msikilizaji anasikia wimbo wa pole pole. Mchezaji anahesabu vile vipande vidogo na anapata tatu tatu zinazokwenda kasi. “Perfect” ya Ed Sheeran iko hivyo: ukiihesabu kwa vipande, inaangukia karibu na kasi ya walsi ya Vienna. Ni ujanja halali kabisa. Shida ni hisia. Mwimbaji anabembeleza huku miguu ikizunguka kama pia, na wakati mwingine vitu hivyo viwili havisalimiani.

Ujanja wa pili ni kuhesabu mara mbili. Wimbo wa pop wa mapigo 100 ukihesabiwa maradufu unakuwa 200, na tayari una kwikistepu. Wa tatu ni kuongeza au kupunguza kasi yenyewe. Zamani ukiongeza kasi ya santuri, mwimbaji aligeuka kuwa panya. Siku hizi programu ya kompyuta inabadilisha kasi na kuiacha sauti mahali pake, na bendi nayo haina shida hiyo tangu mwanzo.

Bendi inapiga kweli pale pale? Mbona wimbo hausikiki kama nilivyouzoea?

Strictly ina bendi hai inayoongozwa na Dave Arch tangu 2006. Kabla yake alikuwa Laurie Holloway. Wana waimbaji wao, na Tommy Blaize ni miongoni mwa sauti utakazozitambua hata ukiwa jikoni. Kwa hiyo wiki moja watu wale wale wanalazimika kuwa okestra ya miaka ya 1940, kisha bendi ya roki, kisha kikundi cha mariachi, yote kabla saa mbili hazijaisha. Mimi huwavulia kofia hata wanapokosea.

Na hukosea, au tuseme huwa hawafanani na asili. Wimbo uliotengenezwa studio kwa mashine na sauti zilizorundikwa tabaka juu ya tabaka hauwezi kupigwa na tarumbeta ukabaki vile vile. Wachezaji wenyewe huwa wamefanya mazoezi wiki nzima kwa rekodi, kisha siku zikikaribia wanakutana na bendi. Ukiona mtu maarufu amepotea sekunde tano za kwanza, huenda alikuwa anasubiri sauti fulani ya rekodi ambayo bendi haina.

Marekani walianza na bendi ya Harold Wheeler. Mwaka 2014 nafasi hiyo ikaenda kwa Ray Chew mwenye kikosi kidogo zaidi, na rekodi zenyewe zikaanza kutumika pia. Utasikia tofauti: rekodi inakupa wimbo ulioupenda redioni, bendi inakupa mwisho uliokatwa kwa kipimo cha mguu wa mchezaji. Mimi niko upande wa bendi. Anayetaka rekodi ana simu yake.

Wanalipa hakimiliki?

Ndiyo. Vituo vikubwa huwa na mikataba ya jumla na vyama vya hakimiliki, kama PRS for Music kule Uingereza, au ASCAP na BMI Marekani, kazi inayofanana na ile ambayo MCSK imeifanya kwa miaka mingi kwa Wakenya. Kumbuka pia kwamba wimbo una haki mbili: ya aliyeutunga na ya rekodi yenyewe. Bendi ikiupiga upya, rekodi haijaguswa.

Hii rumba yao ni rumba gani? Mjomba wangu anasema wanatudanganya.

Mjomba wako na mjomba wangu wangeelewana. Wangu alicheza dansi Tanga miaka ya sitini, na akiona rumba ya Strictly huuliza swali moja tu: “Gita liko wapi?”

Hadithi ni ndefu lakini inafaa kuijua. Kule Kuba, rumba ni ngoma yenye aina zake, guaguancó, yambú na columbia: ngoma na vijiti na sauti za watu, uani. Mwaka 1930 okestra ya Don Azpiazú kutoka Havana ilirekodi New York wimbo “El Manicero” wa Moisés Simons. Kwa haki ulikuwa son, mtindo mwingine wa muziki wa Kuba, lakini wenye biashara waliuita rumba, jina likanata, na kuanzia hapo dunia nzima ikaita rumba karibu kila kitu kilichotoka Kuba.

Kuanzia 1933 santuri za aina hiyo zikaanza kuingia Afrika katika mfululizo wa GV wa kampuni ya HMV. Wanamuziki wa Kinshasa na Brazzaville wakazisikiliza, wakatambua mapigo yaliyovuka bahari na mababu zao, wakayahamishia kwenye magita. Huo ndio mzizi wa rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandikisha kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021, miaka mitano baada ya rumba ya Kuba.

London nako ilikuwa na njia yake. Mwalimu wa dansi aliyejulikana kama Monsieur Pierre alisafiri hadi Kuba mwaka 1947, akarudi na namna ya kucheza aliyoiona huko, na walimu wa Uingereza wakagombana miaka kadhaa kuhusu nani yuko sahihi, wale wa hatua za mraba au wale wa mtindo wa Kuba. Upande wa Pierre ulishinda mashindano ya kimataifa. Mraba ukabaki Marekani. Kilichobaki kwenye runinga leo kina hisia za bolero: pole pole, mapenzi na machungu, mikono mirefu. Ndiyo maana watayarishaji huipa nyimbo za kuachana.

Kwa hiyo hakuna anayemdanganya mjomba. Ni watoto watatu wa mama mmoja waliolelewa nyumba tofauti. Huyu wa Kongo ana sebene, yaani wimbo unaanza kwa utulivu kisha gita linawasha moto na mwendo unabadilika. Rumba ya ukumbini haina nafasi kwa sebene. Dakika moja na nusu imekwisha kabla solo hajaingia.

Na tusisahau kwamba neno letu “dansi”, la muziki wa dansi, limetoka huko huko ukumbini. Vilabu vya dansi vya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam kati ya vita viwili vya dunia vilicheza walsi na foksitroti, watu wamevaa suti na magauni, na Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932 katika hali hiyo. Ukiangalia Strictly ukahisi unaona picha ya zamani ya harusi ya babu, hujakosea sana.

Chacha na chakacha ni ndugu?

Hapana, ni majina tu yamegongana. Chacha ilizaliwa Havana mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mpiga fidla Enrique Jorrín wa Orquesta América ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake. Jina linaiga sauti ya viatu vinavyoburuza hatua tatu za haraka. Chakacha ni ngoma ya wanawake wa mwambao wetu, na mapigo yake ni sita sita. Ukimpa mchezaji wa chacha wimbo wa chakacha, atatafuta pigo la nne hadi kesho.

Kwa nini pasodoble ya runinga hunikera?

Kwa sababu pasodoble ina wimbo wake. Mashindanoni, mara nyingi kabisa hupigwa “España cañí” ya Pascual Marquina, na wachezaji wote wanajua vilele vya wimbo huo viko wapi. Kila kilele kinapofika, jozi zote zinasimama kwa pozi kwa wakati mmoja. Ni dansi pekee ambayo hatua na wimbo vimefunga ndoa namna hiyo. Inaigiza uwanja wa kupigana na fahali: mwanamume ni matadori, mwanamke ni shuka lake au kivuli chake. Ukiweka wimbo wa roki mahali pake, mapigo yanakubali lakini fahali hayupo. Wakati mwingine inafaa, hasa roki yenye ngoma nzito za mwendo wa kijeshi. Mara nyingi unabaki na watu wawili waliokasirika bila sababu.

Majaji hukata alama kwa sababu ya wimbo?

Wanapaswa kuhukumu dansi. Lakini mchezaji akitoka nje ya mapigo, hilo ni kosa la dansi na litaadhibiwa, hata kama wimbo wenyewe ulikuwa mtego. Kinyume chake pia ni kweli: wimbo sahihi huinua. Jaivu ya Jill Halfpenny mwaka 2004 kwa “I'm Still Standing” ya Elton John ilipata 40 kamili kati ya 40, ya kwanza katika historia ya kipindi hicho. Sikiliza ule wimbo: una kasi ya jaivu tayari, haukuhitaji kubanwa wala kuvutwa.

Na Gangnam Style ya Ed Balls?

Salsa, 2016, kwa wimbo huo wa pop wa Korea. Waziri wa zamani wa Uingereza akiwa na mchezaji mtaalamu Katya Jones. Kwa ufundi haikuwa salsa ya kujivunia, kwa burudani hakuna aliyezima runinga. Salsa, kama Charleston na tango ya Argentina, haimo katika dansi kumi za mashindano, kwa hiyo kuna uhuru zaidi. Tangu 2018 Strictly ina pia dansi ya chaguo la jozi, ambamo mtu anaweza kucheza mtindo wa mtaani au wa jukwaa la maigizo. Humo ndimo Bill Bailey, mchekeshaji wa makamo, alicheza na Oti Mabuse wa Afrika Kusini kwa “Rapper's Delight” mwaka 2020, mwaka walioshinda.

Mchezaji kiziwi alifuataje muziki?

Rose Ayling-Ellis, mwigizaji, alikuwa mshiriki kiziwi wa kwanza wa Strictly, na alishinda mwaka 2021 akiwa na Giovanni Pernice. Alitegemea hesabu, macho na mwili wa mwenzake. Katika dansi yao ya chaguo la jozi, kwa wimbo “Symphony”, muziki ulizimwa katikati kwa sekunde chache na wawili wale wakaendelea kucheza kwenye kimya kile kile, bila kupotea. Kisha muziki ukarudi, wakakutana nao mahali sahihi. Tukio hilo lilipata tuzo ya BAFTA iliyopigiwa kura na watazamaji mwaka 2022. Katika misimu yote niliyotazama, hakuna chaguo la muziki lililonigusa zaidi ya lile la kuuondoa.

Blackpool ina nini cha pekee?

Wiki ya Blackpool, mji wa pwani wa Uingereza, Strictly huhamia ukumbi wa Tower Ballroom wenye kinanda maarufu cha Wurlitzer, na nyimbo huwa kubwa kubwa, zenye wachezaji wengi nyuma. Watu huchanganya ukumbi huo na ule wa Empress, pale Winter Gardens, mji ule ule. Tamasha kubwa la dansi la Blackpool, lililoanza mwaka 1920, hufanyika Empress, na huko washindani huchezea okestra hai.

Wimbo wa Kiswahili unaweza kutumika?

Kwa mapigo, bila shida. Nyimbo nyingi za bendi zetu za zamani ziliandikwa kwenye lebo za santuri kuwa rumba, chacha au bolero, na ile sehemu ya kwanza kabla gita halijachemka inaweza kubeba rumba ya ukumbini vizuri. Taarabu ya pole pole yenye fidla na akodiani naiona kwenye tango ya Argentina, na nitabishana na yeyote anayekataa. Kikwazo ni yule bwana wa kochi: mtazamaji wa Manchester hajui maneno, kwa hiyo watayarishaji wanaona wamepoteza nusu ya silaha.

Nataka kujaribu nyumbani. Nianze na nini?

Anza na chacha, maana nyimbo nyingi za pop zina mapigo kati ya 120 na 128 na huna haja ya kutafuta mbali. Pakua programu yoyote ya simu inayopima mapigo, gusa kioo kila unaposikia pigo, itakusomea namba. Ukipata 124, hesabu mbili, tatu, nne-na-moja, ukianza kusogea kwenye pigo la pili. La kwanza litakutamani. Liache lipite.